Velo ya marehemu irudi mlangoni kwake

Wiki ya tatu sasa velo moja nyeusi imefungwa kwa mnyororo kwenye mwembe, katika kiwanja cha chifu wa mtaa mmoja wa hapa Kalemie, upande wa barabara inayotoka Nyunzu. Haikuibwa. Haikugonga mtoto. Kosa lake ni moja tu: mwenyewe alikufa, na tangu siku ya kuvunja kilio jamaa hawajapatana nani aichukue. Bibi ya marehemu anasema ni ya nyumba yake. Ndugu za marehemu wanasema ni ya ukoo. Chifu, ili watu wasipigane, alisema ikae kwake mpaka atakapokata maneno.

Wasikilizaji wengi wa upande ule waliijua velo hiyo kabla ya kulijua jina la mwenyewe. Ndiyo iliyokuwa inapita alfajiri na redio ndogo imefungwa kwenye usukani kwa kipande cha mpira, sauti juu, habari za Kiswahili zikiwafikia hata waliolala bado chini ya turubai. Ndiyo iliyobeba wagonjwa usiku. Ndiyo iliyoleta redioni vile vikaratasi vya matangazo vilivyoandikwa kwa bic kwenye ukurasa wa daftari: mtoto amepotea njiani wakati wa kukimbia, mama yake yuko Kalemie, anayemwona amlete, mzee fulani amefariki, jamaa walioko Nyunzu wasikie. Zipo familia zilizokutana tena kwa sababu ya vikaratasi hivyo, na aliyevibeba hakudai hata franka moja ya soda.

Jina lake na la bibi yake hayatajwi hapa, kwa kuwa maneno bado yako mbele ya chifu na watoto wanaenda shule kila siku na watoto wenzao. Wa mtaani wanajua ni nani. Walio mbali, Moba, Kabalo au ng'ambo ya ziwa huko Kigoma, wanajua mtu wa namna hiyo katika mtaa wao wenyewe.

Alifika Kalemie mwaka 2017, pamoja na maelfu ya watu waliokimbia mapigano kati ya Watwa na Waluba katika jimbo la Tanganyika. Walilala kwanza ndani ya darasa la shule, halafu chini ya turubai, halafu mkaaji mmoja mwenye moyo akawapa kipande cha kiwanja wajenge nyumba ya matofali ya udongo. Walichookoa kilikuwa watoto wawili, sufuria, mfuko wa nguo na velo. Bibi yake anakumbuka kwamba njiani watu walimshauri bwana yake aitupe porini, maana mwenye velo anaonekana kuwa na mali na wanyang'anyi wanamfuata. Alikataa. Akampandisha juu yake bikizee wa jirani ambaye miguu ilikuwa imevimba, akamfunga kwa kitenge asianguke, akaisukuma siku tatu. Bikizee yule bado yuko hai. Wakati wa kilio alikaa karibu na velo, si karibu na sanduku, na watu waliomshangaa hawakujua habari hiyo.

Kazi ya velo katika jimbo hili si kupanda na kupiga pedeli kama wanavyodhani watu wa miji mikubwa. Mzigo ukishafungwa, velo haipandwi tena, inasukumwa. Magunia ya mahindi yanalala juu ya keria na katikati ya fremu, bidoni za mawese zinaning'inia pembeni, kuku wanakaa juu kabisa. Fimbo ndefu inafungwa kwenye usukani ili mtu aongoze akiwa ubavuni, na nyingine inasimamishwa nyuma ya kiti ili apate pa kusukumia. Kabla ya hapo fremu mpya inapelekwa kwa fundi kuongezewa vyuma, kwa sababu velo ya dukani haikutengenezwa kwa uzito ule. Ya marehemu ilikuwa imechomelewa mara mbili. Na watu wa kazi hiyo watakuambia kwamba hatari haiko kwenye kupanda mlima. Mlimani mtu anachoka tu, anapumzika, anaendelea. Kwenye mteremko mzigo unataka kumpita mwenyewe, breki zinalia, na mtu anaizuia velo kwa mgongo wake na kwa kandambili za tairi mpaka ngozi ya kisigino inatoka.

Hivyo ndivyo marehemu alivyowalisha watu wake. Alienda vijijini na chumvi, sabuni na ndakala kavu, akarudi na mahindi na mawese. Treni ya kwenda Kabalo kupitia Nyunzu haipiti kila siku, malori yanakwama mvua ikinyesha, kwa hiyo sehemu ya unga unaopikwa Kalemie inaingia mjini ikisukumwa na watu wa velo, na mjini hakuna anayejua majina yao.

Lakini aliipenda velo kupita haja ya kazi. Jumapili, mchana, aliigeuza miguu juu mbele ya mlango, akaiosha, akakaza spoki mojamoja akizigonga kwa kucha na kusikiliza sauti yake kama mpiga gitaa. Watoto wa mtaa walikusanyika. Aliyekuwa na velo mbovu aliileta, akatengenezewa bure, ila kwa sharti moja: mtoto mwenyewe ashike spana. Vijana wanne hivi leo wanapata chakula kwa kutengeneza velo na pikipiki kando ya barabara, na wote wanne walianzia kwenye mlango ule.

Kisha alikuwa reko, yaani mmoja wa wale wakaaji wanaojitolea kupita nyumba kwa nyumba kwa ajili ya kituo cha afya. Kalemie inajulikana kwa kipindupindu. Watu wanachota maji ziwani au mtoni Lukuga, mvua inashusha uchafu wa vilima, na ugonjwa unarudi mwaka kwa mwaka. Mwaka 2024, maji ya ziwa yalipopanda na kuingia katika nyumba za watu wa kando, vyoo vikafurika, marehemu alifunga megafoni mahali pa redio na kuzunguka nayo asubuhi na jioni. Alikuwa anarudia maneno yaleyale mpaka watoto wakayafanya wimbo: lita moja ya maji safi, vijiko vidogo sita vya sukari, nusu kijiko kidogo cha chumvi, mgonjwa anywe kidogokidogo huku anapelekwa kwenye kituo cha afya. Anapelekwa, si anangojea. Na kwa kuwa kupelekwa ndiyo shida kwa mtu asiye na bei ya pikipiki saa saba za usiku, waligonga mlangoni kwake. Bibi yake anasema kuna wiki hawakulala usiku hata mmoja mzima.

Kuna jambo ambalo halikusemwa kwenye kilio, na lilipaswa kusemwa. Miaka ile ya mwanzo, chuki ikiwa bado inachemka na kila mtu ana marehemu wake wa kulilia, mwanamke mmoja wa Kitwa alishikwa na uchungu wa kuzaa pembeni ya mtaa, mahali ambapo hakuna aliyetaka kumkaribia. Walimwita marehemu, naye akaenda. Aliporudi, majirani wawili, waliopoteza watu wao katika vita, walimwuliza kama damu ya ndugu zake imekwisha kukauka. Hakuwajibu kwa hotuba. Bibi yake anasema alichota maji akaosha keria, akasema kwamba mtoto ni wa kike, akaingia kulala. Kwa mwezi mzima watu wale hawakumsalimu. Baadaye mmoja wao aliugua, na velo ikaja mlangoni kwake vilevile. Hapa Tanganyika mabaraza ya kupatanisha jamii yamefanya mikutano mingi, na mikutano ina kazi yake, lakini mtu akitaka kujua namna gani Mtwa na Mluba walianza tena kusalimiana katika mtaa ule, aanzie kwenye ile keria.

Jambo lingine ni la nyumbani kwao. Marehemu alimfundisha bibi yake kupanda velo.

Ilikuwa jioni, kwenye kiwanja cha mpira, baada ya vijana kumaliza kucheza. Alishika kiti kwa nyuma na kukimbia naye, mtu mzima anahema, huku bibi anapiga kelele asimwachie. Siku ya nne akamwachia bila kumwambia. Akaenda peke yake mita kama hamsini akiongea naye, akidhani bado yuko nyuma, mpaka aliposikia sauti inajibu kwa mbali, akaogopa akaingia moja kwa moja ndani ya bustani ya sombe ya mwenyewe kiwanja. Walilipa sombe. Watu walicheka wiki nzima, wengine kwa wema, wengine si kwa wema. Wazee wawili walikuja kumwonya bwana: mwanamke hapandi velo, ni aibu kwa nyumba, na tena atakuwa anakwenda wapi? Aliwajibu kwa heshima kwamba atakuwa anakwenda sokoni, na kurudi.

Anaposimulia hilo, mama huyo anacheka kwanza, halafu ananyamaza. Wajane wengi wanaulizwa habari za kifo. Yeye ukimwuliza habari za kifo anajibu kwa maneno machache, ila ukimwuliza habari za sombe anaweza kukaa saa nzima.

Kifo chenyewe kilikuja usiku, kwa homa kali iliyomshika baada ya safari ya vijijini. Aliyezoea kugongewa mlango ndiye aliyekuwa mgonjwa, na mlango wa kugonga haukuwepo. Bibi yake alimfunga kwenye keria kwa kitenge, mtoto wao mkubwa akamshika mgongo, wakaisukuma velo mpaka kituo cha afya. Walimpokea na kumhudumia. Siku ya pili alfajiri alifariki.

Kilio kilikuwa kikubwa. Watu walitoka hata Nyunzu. Michango ilitolewa, maharage yalipikwa katika masufuria ya kanisa, tisheti zenye picha yake zilichapishwa, na waliosimama kusema walisema vizuri: mtu wa watu, mtumishi wa wote, hatutamsahau. Siku ya kuvunja kilio, kabla hata ya masufuria kuoshwa, mdogo wa marehemu alimkaribia mjane, akamwambia kwa sauti ya chini: "Shemeji, ufunguo wa velo uko wapi?"

Hapo ndipo maneno yalipoanzia. Na hapo ndipo mtaa mzima unapaswa kujiuliza nini maana ya kusema hatutamsahau.

Ni vema kumpa huyo mdogo wa marehemu haki yake, maana mtaani watu wamekwisha kumfanya shetani. Yeye pia alikimbia vita. Ana watoto watano na hana kazi. Anasema kwamba velo iliponunuliwa, kijijini kabla ya vita, nusu ya bei ilitoka kwenye mbuzi wawili wa baba yao, na kwamba marehemu aliahidi velo ya pili kwa mdogo wake, vita ikaja, ahadi ikafa. Bikizee wa ukoo anathibitisha habari ya mbuzi. Si uongo basi. Na katika mila anayoijua, mtu akifa vyombo vyake vya kiume, panga, bunduki ya kuwindia, velo, vinarudi kwa wanaume wa ukoo, kwa sababu zamani ukoo huohuo ndio uliobeba mjane na watoto, ukawalimia na kuwajengea. Mila ilikuwa na pande mbili. Leo upande wa kuchukua umebaki na nguvu, upande wa kulisha umekimbia pamoja na vita. Mdogo huyu hakusema kwamba atawalipia watoto wa kaka yake shule. Aliulizwa mbele ya chifu, akatazama chini.

Sheria ya Jamaa ya Kongo, ile ya tarehe 1 Agosti 1987 iliyorekebishwa tarehe 15 Julai 2016, haikuliacha jambo hili gizani. Mtu akifa bila kuacha usia, warithi wa kundi la kwanza ni watoto wake, wa kiume na wa kike sawasawa, na fungu lao ni robo tatu ya mali. Robo inayobaki ndiyo ya kundi la pili, na ndani ya kundi hilo wamo pamoja mjane, wazazi wa marehemu na ndugu zake. Mjane tena ana haki ya kuendelea kukaa katika nyumba waliyoishi na kutumia vyombo vilivyomo. Sasa hesabu velo hiyo, ambayo ndiyo karibu mali yote iliyoachwa: sehemu yake kubwa si ya shemeji, wala hata si ya mjane kwa jina lake. Ni ya watoto watatu, na wa mwisho bado ananyonya. Anayeiondoa mlangoni anamnyang'anya mtoto anayenyonya, na mama yao anaposhika usukani anashika mali ya watoto.

Itasemwa kwamba hayo ni maneno ya tribinale, na mtaani maneno yanakatwa na chifu kwa mila. Vizuri. Katiba ya mwaka 2006, kifungu cha 207, inatambua mamlaka ya kimila, ila inaongeza sharti kwamba mila hiyo isipingane na Katiba yenyewe, na sheria, na utaratibu wa umma, na maadili mema. Chifu akikata maneno kwa kufuata sheria ya watoto hatakuwa ameivunja mila. Atakuwa amefanya kazi ambayo nchi inamtambua kwa ajili yake.

Kuna tundu moja ambalo wanaotaka velo wamekwisha kuliona, na familia nyingi zilizokimbia vita zina tundu hilohilo. Ndoa ya hawa wawili ilifungwa kimila kijijini, mahari ilitolewa, mashahidi walikuwepo, lakini haikuandikishwa kwenye ofisi ya hali ya raia. Watoto wawili wa kwanza walikuwa na vyeti vya kuzaliwa, vikabaki katika nyumba iliyoungua. Wa tatu hana. Kwa hiyo sauti fulani imeanza kunong'ona kwamba huyu si bibi wa halali, ni mwanamke aliyekaa naye tu. Miaka kumi na nane ya kukaa naye tu! Sheria inaruhusu ndoa ya kimila kuandikishwa, na inataka hivyo, lakini watu wanaingoja siku ya kwenda ofisini kama wanavyoingoja siku ya amani, na kifo hakingoji yoyote kati ya hizo mbili. Walio hai, wenye bwana na bibi walio hai, wangeenda wiki hii na mashahidi wao wa mahari wangali wanakumbuka. Kwa nyumba ya marehemu jambo hilo limechelewa. Lakini mashahidi wawili wa mahari wako Kalemie, na bikizee aliyesukumwa siku tatu alikuwepo siku mahari ilipopokelewa. Chifu awaite wakae mbele yake, aandike wanachosema. Huo ni ushahidi, hata bila muhuri.

Habari ya mbuzi wawili nayo isitupwe. Deni ni deni. Jamaa wakae, wahesabu bei ya mbuzi wale, mjane na watoto walipe polepole kwa kazi ya velo. Hiyo inawezekana, ila velo ifanye kazi kwanza. Velo iliyofungwa kwenye mwembe hailipi mbuzi wa mtu.

Lakini ukikaa muda mrefu kwenye kiwanja cha chifu na kusikiliza, unagundua kwamba mbuzi na ukoo si maneno yote. Neno linalowachoma wengine ni kwamba mwanamke huyu anataka velo ili aipande mwenyewe. Angesema anataka kuiuza, au kuikodisha kwa kijana fulani, wangekwisha kumpa zamani. Mzee mmoja alisema waziwazi kwamba mjane kupita mtaani juu ya velo ya bwana yake ni kumdharau marehemu, tena kabla ya mwaka kwisha. Ni neno la ajabu. Mama huyohuyo anapita mbele ya mzee huyohuyo akiwa na gunia la makala mgongoni, kamba imekaza kwenye paji la uso, shingo imelala, na mzee haoni aibu yoyote; labda anamsalimu na kumwuliza bei. Aibu inaanza tu mzigo unapotoka mgongoni kwake na kuwekwa juu ya magurudumu. Na kuhusu dharau kwa marehemu, yeye ndiye aliyekimbia nyuma ya kiti kile kwenye kiwanja cha mpira mbele ya mtaa mzima. Alitoa maoni yake akiwa hai, kwa miguu yake.

Tangu velo ifungwe, watu wa mtaa wameanza kuhesabu kwa namna nyingine. Wagonjwa wawili wamebebwa kwa kipoyi na vijana, mmoja ni mtoto aliyekuwa anaharisha na kutapika, na walifika kituo cha afya kumekwisha kucha. Mtoto amepona, Mungu asifiwe. Vikaratasi vya matangazo vinarundikana kwa mwalimu mmoja anayengoja mtu wa kwenda mjini. Kituo cha afya kimemwomba mjane achukue nafasi ya bwana yake ya reko, kwa kuwa nyumba zote anazijua na ya chumvi na sukari anayajua kwa moyo. Amekubali. Anazunguka kwa miguu, mtoto mgongoni, na nyumba ambazo marehemu alizimaliza kwa asubuhi moja yeye zinamchukua siku mbili.

Waliochangia kilio wanaweza kuchangia na hili, tena bila kutoa pesa. Waende kwa chifu. Wale vijana wanne wa spana waende. Mama wa Kitwa aliyezaa mtoto wa kike, ambaye sasa ana binti anayesoma, amekwisha kwenda, alikuwa wa kwanza, na alisema habari yake mbele ya watu wote, ile ambayo kwenye kilio hakuna aliyeithubutu. Wale majirani wawili walikuwepo. Mmoja alisimama akasema ni kweli. Mwenzake aliondoka.

Chifu amesema atakata maneno Jumamosi, baada ya soko. Kwa sasa velo iko pale kwenye mwembe, kwenye jua mchana na umande usiku. Tairi la nyuma lina tundu dogo la zamani, linatoa upepo polepole, na mpira ukikaa bila upepo unapasuka kwenye mikunjo. Kwa hiyo kila asubuhi, kabla ya kuanza nyumba zake za reko, mama huyo anafika kwenye kiwanja cha chifu na pampu mkononi. Anabisha hodi, anasalimu, anaomba ruhusa. Mlinzi anamwachia. Anachuchumaa, anajaza upepo gurudumu la nyuma, halafu la mbele, anabonyeza kwa kidole gumba kama alivyoonyeshwa, anaaga, anaenda zake.